Diski Nne Nilizokatazwa Kugusa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Baba yangu alinilea kwenye mnada wa ng'ombe wa Ogwedhi, na pale mtoto hafundishwi kusalimia kabla ya kufundishwa kukagua. Ng'ombe unamfungua mdomo uhesabu meno. Unamkamua kidogo uone maziwa yana rangi gani. Unapapasa alama ya chuma moto ujue kama imechomwa juu ya nyingine. Baba alikuwa na kanuni moja kubwa kuliko zote: muuzaji akikukataza kushika ng'ombe wake, ondoka. Haijalishi ametoa sababu gani, na sababu ikiwa nzuri sana, ondoka mbio.

Kwa hiyo nilipoajiriwa kuwa mtunza stoo wa hospitali moja ya misheni huko Migori, kazi ilinikaa vizuri. Kila kitu nilikipiga nukta ya rangi nyekundu na kuandika namba yake kwenye daftari langu, kuanzia darubini ya maabara hadi ndoo za wodini. Kila mwisho wa mwezi nilipita kukagua. Kukagua kwangu hakukuwa kuuliza watu kama kitu kipo, bali kukiona kwa macho na kukishika kwa mkono. Wauguzi waliniita Bwana Stoo, na nadhani nyuma ya mgongo wangu waliniita mengine.

Halafu ikaja mvua ya Elnino. Paa la chumba cha rekodi lilivuja wiki nzima kabla mtu hajagundua, na madaftari ya wagonjwa wa kifua kikuu yakawa uji. Hili halikuwa jambo dogo. Dawa ya kifua kikuu wakati ule ilikuwa ya miezi minane, miwili ya kwanza ikiwa ni sindano kila siku, na ilibidi daktari ajue kila mgonjwa amefika mwezi wa ngapi. Akiachishwa mapema, ugonjwa unarudi ukiwa umezoea dawa. Na wagonjwa wetu wengi walikuwa watu wa ziwani, ambao mwezi huu wako Sori, mwezi ujao wako kisiwani Takawiri, wa tatu wako Homa Bay, ambako hospitali yetu ilikuwa na kliniki ndogo. Omena, wale dagaa wa ziwani, wakihama, mgonjwa naye amehama.

Ungeuliza kwa nini wasingebeba kadi. Kadi walipewa, wakazitupa ziwani. Miaka ile kikohozi kirefu kilitajwa pamoja na ule ugonjwa mwingine, kwa pumzi moja, na mama akikutwa na kadi ya kliniki ya kifua kwenye kikapu chake, samaki wake hawanunuliwi tena. Watu walificha kadi, wakazichoma, wakadai zimeliwa na panya. Daktari wetu mkuu, mama mmoja mpole lakini asiyependa mchezo kazini, akatafuta wafadhili, na wafadhili wakaleta kompyuta kubwa ya kuhifadhi rekodi. Mgonjwa atapewa namba, aishike kichwani. Akifika Migori ataitaja dirishani. Akifika Homa Bay ataitaja huko, na kliniki itatupigia simu, karani wetu atafungua mashine na kusema huyo yuko mwezi wa ngapi. Hakuna jina wala karatasi.

Aliyekuja kuifunga alikuwa fundi kijana wa Homa Bay, mwenye duka dogo la kutengeneza kompyuta huko mjini. Alikuwa mtu wa maneno machache na hilo tu lilinitosha kumshuku, maana mwizi mwenye akili haongei sana. Tena, nitasema ukweli, alikuwa mtu wa ziwani na mimi ni wa Kuria, na siku zile sisi na wao tulikuwa bado tunaulizana habari za ng'ombe waliovuka mpaka usiku. Yeye hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Mimi nilimtazama hivyo hivyo.

Kompyuta ilikuwa na diski nne. Si zile za kutia mfukoni. Hizi zilikuwa vyuma vizito kama kitabu cha nyimbo, kila moja kwenye droo yake mbele ya mashine, na taa ndogo ya kijani. Fundi akatukalisha, daktari na mimi, akatuuliza tunataka zifanye kazi vipi. Nilidhani diski ni diski, unaichomeka inahifadhi. Kumbe kuna kuzipanga.

Alisema njia ya kwanza ni kuziunga zote nne ziwe kama moja. Nafasi yote inakuwa yenu, na kasi ni kubwa kwa sababu kila diski inabeba kipande chake na zote zinaandika kwa pamoja. Ila moja ikifa, zote zimekufa, maana hakuna rekodi iliyo nzima mahali popote. Njia ya pili ni kuzioanisha mbili mbili, kila kinachoandikwa huku kinaandikwa na kule. Hapo nusu ya nafasi inaenda. Njia ya tatu ni zote nne zigawane kazi, na pamoja na rekodi ziandike hesabu fulani ya ziada, ili yoyote moja ikifa, tatu zilizobaki zikokotoe ilikuwa na nini. Hapo mnapoteza nafasi ya diski moja tu, lakini kuandika kunakwenda polepole kidogo.

Daktari aliipenda ile ya kwanza kwa sababu ya kasi, akifikiria foleni ya asubuhi. Fundi akakataa kabisa. Alitaka ya pili. "Daktari, hawa watu hawana kadi," akasema. "Hii ndiyo kadi yao. Wacha iandikwe mara mbili."

Hapo ndipo mimi nilipoinua mkono. Nilikuwa nimepokea diski nne za giga nne kila moja, nimetia sahihi, zinajumlisha kumi na sita. Nikamuuliza, tukifuata njia yako, mashine itatuonyesha ngapi? Akasema nane. Nikamuuliza nane nyingine ziko wapi. Akasema zipo, ila hazionekani. Sasa kitu kilichopo na hakionekani, kwa mtunza stoo, kina jina moja tu. Nikamwinamia daktari na kumnong'oneza kwamba tunauziwa mbuzi kwenye gunia, kwamba siku moja diski mbili zitatoka hapa na mashine haitasema neno, maana haikuwahi kuzionyesha. Daktari aliguna. Alikuwa amechoka, na aliheshimu macho yangu kwa sababu yalikuwa yameshamwokoa na wauza dawa wawili watatu. Akakata shauri tuchukue njia ya tatu, ya katikati. Fundi akakubali shingo upande.

Kabla ya kuondoka alitoa maonyo mawili. La kwanza, kila wiki tunakili rekodi zote kwenye tepu na tepu ikae mbali na mashine, kwa sababu diski nne kusaidiana si sawa na kuwa na nakala. La pili alinielekea mimi, sijui nani alimwambia kwamba mimi hukagua kwa mkono. "Mzee, hizi droo, moja ikitoka mashine itavumilia. Zikitoka mbili, imeenda. Na ukirudisha moja ni lazima ingojewe ijijenge, masaa mengi. Afadhali usiguse kabisa."

Katika hayo yote, nililosikia mimi ni lile la mwisho.

Mwaka ule karani wa rekodi alipoenda likizo ya siku chache nilikaa dirishani badala yake, na ndipo alipokuja mama mmoja muuza omena kutoka Sori. Alikuwa mwembamba, amejifunga leso mbili, na daktari alikuwa ameshampima na kukuta kifua kikuu. Sisi wawili tulizungumza Kiswahili, kwa kuwa mimi Kijaluo changu ni cha kununua sukari tu. Nilimpa achague kadi au namba. Kadi hakuitaka hata kuiona. Alisema anaishi na mtoto wa dada yake anayesoma kila karatasi inayoingia nyumbani, na akisoma yeye Sori nzima imesoma. Nikamwambia basi achukue namba: mia mbili na kumi na nne. Akairudia kimya kimya mara nyingi, midomo ikicheza. Halafu akanitazama.

"Na wewe mwenyewe unaamini hiyo mashine?"

Nikamwambia naiamini. Niliagizwa niwatulize wagonjwa, nikamtuliza.

Alipanga chumba Homa Bay, akaacha biashara miezi miwili, akachomwa sindano kila asubuhi pale kliniki mpaka ikawa anakaa kwa upande. Nilimwona huko mara mbili nilipopeleka dawa. Baadaye akarudi kuhangaika na omena wake, leo huku kesho kule, na kila mwezi mahali fulani alikuwa anataja namba yake na kupewa vidonge. Hivyo ndivyo alivyosema yeye, nami sina sababu ya kusema vinginevyo.

Turudi kwenye tepu. Katoni yake ilifika stoo kwangu, na hati ya mzigo ilisema kumi. Nikafungua nikahesabu tisa. Nikahesabu tena mbele ya shahidi, bado tisa. Nikaifungia kabatini nikaandika barua. Fundi alikuja mara mbili kuziulizia na mara zote nilimjibu kwamba ya kumi ikifika zitatoka zote. Alinieleza kwamba hata moja ingetosha kuanzia. Ni hiyo pupa yake ya kutaka zitoke kabla hesabu haijakaa sawa iliyonifanya nizidi kukaza funguo. Miezi sita katoni ilikaa hapo, na mimi nikijiona shujaa.

Kisha nikaenda Homa Bay na gari la dawa, na badala ya kusubiri kliniki nikapitia dukani kwa fundi bila kumwarifu. Kwenye meza yake, kati ya nyaya na bisibisi, palikuwa na diski. Ilikuwa ya aina yetu hasa, na ukubwa ule ule. Aliponiona akaifunika kwa gazeti. Nikauliza ni ya nani. Akasema ni ya akiba, ameinunua kwa pesa yake iwe tayari siku moja yetu itakapokufa, kwa sababu kuagiza kutoka Nairobi ni zaidi ya wiki, na gazeti ni la vumbi la barabarani. Nikauliza nani alimtuma. Akasema hakuna.

Leo nikikumbuka naona mtu mwaminifu anasimama mbele yangu akijibu kila swali. Siku ile niliona kitu kingine. Mtu anayekununulia kitu hukumtuma ana lake jambo, niliwaza hivyo njia nzima hadi Migori. Amechomoa diski yetu mpya, ametuwekea ya zamani ndani ya droo ile ile yenye nukta yangu nyekundu, na ndiyo maana anatukataza kugusa. Namba halisi ya diski imeandikwa ubavuni mwake na huwezi kuisoma bila kuvuta droo. Nilikuwa nazo namba zote nne kwenye daftari. Lisemwalo lipo, nikajiambia, ijapokuwa aliyelisema nilikuwa mimi peke yangu.

Jumamosi yake, misheni yetu ikiwa ya Wasabato, wenzangu wakiwa ibadani na kliniki ya nje imefungwa, nikaingia chumba cha mashine na daftari langu. Nikavuta droo ya kwanza. Mashine ikaanza kulia mlio mwembamba wa kukera, na taa yake ikawa nyekundu. Nikatazama skrini: orodha ya wagonjwa ilikuwa pale pale, na nilipobonyeza, iliteremka. Ona sasa, nikasema. Hakuna kilichoharibika. Nikasoma namba ubavuni, ikalingana na yangu, nikaweka tiki. Nikairudisha. Mlio ukanyamaza, taa ikaanza kupepesa rangi ya chungwa, nami nikaona basi imeridhika.

Nikavuta ya pili.

Nitasema kilichotokea na si zaidi. Orodha ilisimama. Haikuteremka tena. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, na kwa kuwa ningeonekana mjinga kuacha kazi nusu, nikavuta ya tatu na ya nne pia, nikasoma namba zao. Zote nne zilikuwa zetu, zile zile nilizopokea kwa sahihi yangu. Nikaweka tiki nne. Nilizirudisha, nikazima mashine nikaiwasha, ikaandika maneno meupe ya Kiingereza kwenye weusi na kukaa hivyo.  Halafu nikafunga mlango nikaenda kujiunga na ibada, nikaimba.

Jumatatu fundi, aliyepigiwa simu jana yake na karani, alikuja na basi la kwanza. Alikuwa amebeba ile diski yake ya akiba ndani ya gazeti, akiamini moja yetu imekufa. Alishughulika hadi saa saba mchana bila kunywa hata chai. Kisha akaita daktari, nami nikafuata. Alisema diski zote ni nzima, lakini mbili zilitolewa moja baada ya nyingine kabla ya ile ya kwanza kujijenga, na mashine imeweka kumbukumbu ya saa. Akasoma: Jumamosi saa nne na dakika kumi, kisha saa nne na dakika kumi na tano. Akauliza kama zipo tepu. Daktari akanigeukia. Nikasema hesabu yake haijakamilika.

"Diski haijitoi yenyewe," fundi akasema, akinitazama.

Nikamjibu kwamba yeye ndiye pekee anayejua lugha ya mashine ile, kwa hiyo inasema anachotaka iseme, na kwamba dukani kwake mimi nimeona diski kama zetu. Niliyasema hayo kwa sauti tulivu. Kushuku wengine kumenipa sauti nzuri ya kusemea uongo, sikuwa nimelijua hilo. Daktari, ambaye nilikuwa nimemjaza masikio kwa miezi, akamwambia fundi kwamba hospitali itatafuta mtu mwingine.  Kijana yule alifungasha bisibisi zake, akapita stoo, akaiweka diski yake ya akiba juu ya kaunta yangu. Hakuomba sahihi.

Wauguzi wakaanza kuwaita wagonjwa upya. Wenye kadi, wale wachache waliothubutu kuzibeba, waliendelea walipofika. Wasio na kadi daktari aliamua waanze mwezi wa kwanza, isipokuwa awepo muuguzi wa kumshuhudia mtu mwezi kwa mwezi. Hakuufurahia uamuzi huo. Alisema makohozi safi hayamwambii kama mtu yuko mwezi wa nne au wa saba, na akimwachisha mtu mapema ugonjwa ukarudi, hana dawa nyingine ya kumpa.

Mama wa Sori alifika baada ya wiki tatu. Alikuwa amenenepa kidogo, leso zimekaa vizuri. Akasimama dirishani akataja namba yake kwa haraka, kama mtu anayejua jibu. Karani akaniangalia. Daktari akamwita ndani na kumweleza. Mama akasema amebakiza mwezi mmoja tu. Daktari akamuuliza nani anaweza kumshuhudia. Muuguzi aliyemchoma sindano Homa Bay alikuwa amehamishiwa mbali, na huko kwingine kote walimjua kwa namba tu, kama alivyotaka, kama tulivyomwahidi.

Daktari akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwandikisha. "Bwana Stoo, wewe unasemaje? Tumwamini?"

Siku aliyoanza niliijua. Kwamba alichomwa niliona. Kilichobaki kilikuwa kumwamini tu, jambo ambalo watu hulifanya kila siku bila kuumia. Nikafungua mdomo na likatoka lile nililolizoea.

"Sijui, Daktari."

Akahukumiwa aanze upya. Sindano sitini tena, chumba cha kupanga tena, biashara kuachwa tena. Nilitarajia alie au atutukane. Akajifunga leso, akasema sawa. Kisha akanijia mezani akasema sasa anataka kadi.

Nikachukua kadi mpya nikaandika jina lake, na mbele ya neno mwezi nikaandika moja.  Nilikuwa na aibu, na ilitoka yenyewe, bila mtu kuniuliza. Nikamwambia kwamba fundi hakukosa, na mashine haikukosa. Diski nilizitoa mimi, kwa mkono huu, kwa kudhani nimeibiwa. Daktari alikuwa bado mlangoni na alisikia kila neno. Mama hakunitazama. Alikuwa anaitazama kadi.

"Hiyo umeandika ndogo," akasema. "Andika ingine kubwa. Nataka wasome wote pale Sori. Wakijua wengi, hakuna mtu mmoja ataweza kunipoteza tena."

Nikachukua kadi nyingine nikaandika kubwa, naye akaishika mkononi, wazi, akaenda kupanga foleni ya sindano.